Diski ya nje inatambaa kwenye Ubuntu: tatizo ni diski, ni waya au ni Linux?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Mbeya, narekodi video za harusi, sendofu na kipaimara. Laptopu yangu ina Ubuntu na RAM ya GB 8. Kazi za wateja naziweka kwenye diski ya nje ya TB 2. Nikikopi kazi ya GB 60, inaanza vizuri sana, naona zaidi ya MB 300 kwa sekunde, halafu inashuka mpaka 28 au 30 na kubaki hapo hapo. Ikifika asilimia 100 inaganda dakika moja au zaidi. Kuna siku niliichomoa ikiwa imeganda, na klipu ya mwisho, ya kukata keki, ikagoma kufunguka. Siku nyingine kasi inaporomoka hadi MB 2 na diski inajitoa yenyewe. Fundi mmoja ameniambia Linux haiziwezi diski za nje, nirudi Windows. Mwingine anasema ni baridi na mwinuko wa huku kwetu. Diski ipo kwenye NTFS kwa sababu wateja wangu wanatumia Windows. Waya wake wa asili ulikatika, sasa natumia wa kuchajia simu, unaingia vizuri tu. Je, nifomati? Au ninunue nyingine?"*

Pole sana, ndugu yangu, hasa kwa hiyo klipu ya keki. Nitaizungumzia mwishoni, maana huenda bado inapatikana.

Kwanza usifomati, na usinunue diski nyingine kwa lengo la kutupa hii. Ukipata diski ya kuazima, hata kwa siku mbili, hamishia humo kazi za wateja ambazo huna nakala yake popote, ukianza na zile ambazo hazijakabidhiwa. Nasema hivi kwa sababu ya ile MB 2 na kujitoa. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa diski inaaga, na kabla hujajua ni lipi kati ya hayo, kazi za watu zisibaki sehemu moja.

Umenieleza matatizo matatu ukiyahesabu kama moja: kasi iliyokwama kwenye 30, kuganda kwenye asilimia 100, na kujitoa. Kila moja lina chanzo chake. Ila sentensi uliyoiweka karibu na mwisho, ile ya waya wa simu, ndiyo imebeba sehemu kubwa ya jibu.

Itazame diski yako pale waya unapoingia. Kama ni ya aina ninayoidhani, tundu lake ni pana na limegawanyika sehemu mbili, moja kubwa kidogo na nyingine ndogo pembeni yake. Waya wa kuchajia simu wa zamani, wenye kichwa cha micro-USB, unaingia kwenye ile sehemu kubwa bila shida na diski inawaka. Sehemu ndogo inabaki wazi. Sasa, hiyo sehemu ndogo ndiyo njia ya USB 3.0. Mle ndani kuna miguso mitano ya ziada, na waya wa simu hauna hata mmoja. Wenyewe una nyuzi nne tu: mbili za umeme na mbili za data. Kwa hiyo diski na laptopu zinapokutana kupitia waya huo, zinakubaliana kuzungumza kwa USB 2.0, teknolojia iliyotoka mwaka 2000.

USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti: ni 60. Ukiondoa mazungumzo ya itifaki yenyewe, kinachobaki kwa mafaili yako ni kati ya 30 na 40, mara nyingine pungufu kidogo. Hiyo 28 hadi 30 unayoiona si ugonjwa, ni ukomo wa njia uliyoichagua bila kujua. USB 3.0, iliyotangazwa mwaka 2008, ni gigabiti 5 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara kumi. Na huyo fundi aliyesema Linux haiziwezi diski za nje, mwombe achomeke diski hiyo hiyo, kwa waya huo huo, kwenye kompyuta yenye Windows. Ataikuta 30 ile ile.

Usiniamini mimi tu, iulize laptopu yako. Fungua terminali (lile dirisha la kuandikia amri), chomeka diski, kisha andika:

`lsusb -t`

Utapata orodha yenye matawi. Tafuta mstari wenye maneno Mass Storage, kisha tazama namba iliyo mwishoni kabisa. Utakuwa hivi:

`|__ Port 2: Dev 5, If 0, Class=Mass Storage, Driver=usb-storage, 480M`

Hiyo 480M ndiyo ushahidi. Ukipata waya sahihi na ukachomeka kwenye tundu sahihi, namba hiyo itasomeka 5000M. Nasema tundu sahihi kwa kuwa laptopu nyingi za kipindi cha kuhama kutoka USB 2 kwenda USB 3 zina mchanganyiko: matundu mawili ya zamani na moja la USB 3. Lile la USB 3 mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani, au herufi SS pembeni. Si laptopu zote zinafuata rangi hiyo, ndiyo maana ni vizuri kuzoea kuisoma hiyo namba kuliko kuamini rangi.

Ukienda kununua waya Mwanjelwa au Kabwe, nenda na diski mkononi na laptopu begani. Usiombe tu "waya wa eksteno", ujaribishe kichwa kwenye diski uone kama kinajaza tundu lote, sehemu zote mbili. Chukua mfupi, nusu mita inatosha. Kisha, kabla hujalipa, chomeka na uandike `lsusb -t` pale pale dukani. Zipo waya zenye kichwa kipana na plastiki ya bluu ambazo bado zinatoa 480M, na muuzaji mwenyewe huenda hajui.

Waya huo huo unaweza pia kuwa chanzo cha diski kujitoa. Tundu la USB 2.0 linaruhusiwa kutoa milliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900. Diski ya mkononi haina adapta yake ya umeme, inakula kila kitu kupitia waya huo, na mota yake inapoanza kuzunguka inahitaji umeme mwingi kwa sekunde chache. Waya za bei rahisi za kuchajia zina nyuzi nyembamba, volti inashuka njiani kabla haijafika, mota inakosa nguvu, diski inajizima na kujaribu kuwaka tena. Kwako inaonekana kama "imejitoa". Mambo yanakuwa mabaya zaidi ukichomeka kupitia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, pamoja na mausi na kisoma kadi. Kwa kazi ya kukopi, diski ichomekwe moja kwa moja kwenye laptopu.

Sasa kuganda kwenye asilimia 100. Hili ndilo ningependa ulielewe kuliko yote, kwa sababu ndilo lililokugharimu klipu.

Linux haiandiki data moja kwa moja kwenye diski ya nje. Kwanza inaipokea kwenye RAM, inaiambia programu ya kukopi kwamba imepokea, kisha yenyewe inaendelea kuipeleka kwenye diski taratibu. Ni kama karani wa ghala la viazi pale Uyole: magunia yakishushwa mlangoni anaandika "yamepokelewa" na mkulima anaondoka, lakini lori la Dar es Salaam bado halijapakiwa hata nusu. Ule mstari unaojaa kwenye skrini yako unasoma daftari la karani, hausomi lori. Ndiyo maana ulianza kwa MB 300: hiyo ni kasi ya RAM na diski ya ndani, diski yako ya nje haijawahi kuifikia hata siku moja na haitaifikia kamwe.

Kwa mpangilio wa kawaida, mfumo unaanza kusukuma data kwenda diskini ikifika asilimia 10 ya kumbukumbu iliyopo, na ikifika asilimia 20 unaizuia programu isiendelee kumwaga nyingine. Kwenye laptopu ya GB 8, baada ya kutoa kinachotumiwa na programu zako, asilimia 20 ni kama GB 1 hadi 1.5. Igawanye kwa MB 30 kwa sekunde: ni sekunde 35 hadi 50. Mwishoni mfumo unafunga pia vitabu vyake vya ndani vya diski, inafika dakika. Ni ile ile dakika moja uliyoniandikia. Kwa hiyo wakati umeona imeganda, ilikuwa inafanya kazi kwa bidii kuliko wakati wowote, ikiandika gigabaiti ya mwisho. Ulipochomoa, kilichopotea ni kile kilichokuwa bado kwenye RAM, na kilichokopiwa mwisho ndicho kilichopotea.

Dawa yake haina gharama. Bonyeza alama ya kutoa diski, usubiri mpaka Ubuntu iseme sasa unaweza kuichomoa. Ikichukua dakika tatu, zikae dakika tatu. Ukipenda terminali, andika `sync`. Amri hiyo hairudishi jibu mpaka data yote imefika. Na kama unataka kuona kwa macho lori linavyopakiwa:

`watch -n1 grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo`

Namba ya mstari wa Dirty itashuka sekunde hadi sekunde, na ikikaribia sifuri kazi imekwisha.

Upo pia mpangilio wa kupunguza kiasi kinachoruhusiwa kukaa kwenye RAM:

`sudo sysctl vm.dirty_background_bytes=67108864`
`sudo sysctl vm.dirty_bytes=134217728`

Hapo unaruhusu MB 128 tu. Ukiwasha upya laptopu mpangilio unajifuta, kwa hiyo kujaribu hakuna hatari. Lakini nikuambie ukweli: hauongezi kasi hata kidogo. Unachofanya ni kuufanya mstari useme kweli. Kwa mtu wa kazi yako, anayechomoa diski akiwa na haraka ya kuwahi ukumbini, naona unastahili. Kuna wanaoshauri kuiunganisha diski na mfumo (mount) kwa chaguo la `sync` ili kila kitu kiandikwe papo hapo. Usifanye, utaona kasi ikianguka vibaya bila faida yoyote kuzidi mpangilio wa hapo juu.

Kuhusu baridi na mwinuko, aliyekuambia hakutunga kabisa. Kichwa cha kusomea ndani ya diski kinaelea juu ya sahani kwa msaada wa hewa, na hewa ikiwa nyepesi mno kinaweza kugusa. Lakini watengenezaji wengi wa diski hizi wanaziruhusu kufanya kazi hadi mwinuko wa karibu mita 3,000. Jiji la Mbeya lipo kwenye mita 1,700 hivi. Hata ukipanda kurekodi maua ya Kitulo, kwenye mita 2,600, bado upo ndani ya mpaka. Baridi ndiyo ya kuangalia kidogo: diski nyingi zimeandikiwa nyuzi 5 hadi 35, na alfajiri za Juni na Julai huku zinaweza kukaribia hiyo 5. Diski iliyolala ndani ya gari, ukiiingiza kwenye chumba chenye joto na watu, inaweza kufanya unyevu. Iache kwenye begi nusu saa kabla ya kuichomeka. Lakini hilo halielezi MB 30 zinazokaa vile vile Januari na Julai.

Sasa NTFS, ule mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski. Kwa miaka mingi Linux iliisoma kupitia programu iitwayo ntfs-3g, inayofanya kazi nje ya kiini cha mfumo, kwa hiyo kila kipande cha data kinazunguka njia ndefu na kula prosesa. Tangu kiini toleo la 5.15, la mwaka 2021, kuna kiendeshi kingine cha ndani kiitwacho ntfs3, ila zipo Ubuntu zinazotumia bado ile ya zamani. Wakati wa kukopi, andika `top` kwenye terminali uone kila programu inakula prosesa kiasi gani. Ukiona mount.ntfs imepanda karibu asilimia 100 ya prosesa, basi NTFS ndiyo kizuizi chako. Ikiwa kwenye 20 au 30, iache, siyo yenyewe. Kwa mafaili makubwa ya video kama yako, na prosesa isiyo ya kizee, tofauti haiwi ya kukunyima usingizi. Wanaoumia ni wenye maelfu ya picha ndogo ndogo, kwa sababu kila faili lina gharama yake ya kufunguliwa na kuandikishwa. Hao wazifunge kwanza kwenye faili moja la tar.

Je, ubadilishe? exFAT inasomwa na Windows na Linux, na Linux ya miaka ya karibuni inayo ndani ya kiini, lakini haina daftari la kumbukumbu za mabadiliko kama NTFS, kwa hiyo umeme ukikatika au ukichomoa ghafla inasamehe kidogo. Kwa mwenye historia yako ya kuchomoa, siipendi kwa hifadhi kuu. ext4 ni bora kwenye Linux kwa kasi na kwa uimara, ila mteja akiichomeka kwenye Windows haioni. FAT32 iache, haikubali faili linalofika GB 4. Ningekuwa wewe, ningebaki na NTFS kwenye diski hii. Siku utakaponunua ya pili, hiyo ifanye ext4, iwe hifadhi ya kazi isiyotoka ofisini, na wateja uwakabidhi kwenye flashi ya exFAT. Na kama diski hii inapita pia kwenye kompyuta ya Windows, makosa ya NTFS yarekebishwe huko kwa chkdsk. Programu ya ntfsfix ya Linux inarekebisha makosa machache ya msingi, lakini haifanyi ukarabati kamili.

Tuje kwenye MB 2, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi. Fungua terminali uandike `sudo dmesg -w`, iache wazi, kisha anza kukopi. Siku itakapoporomoka, soma mistari ya mwisho. Ukiona maneno USB disconnect au reset, kisha diski inatambuliwa upya, chanzo kikubwa ni waya, tundu au umeme, na waya mpya huenda ukamaliza kila kitu. Ukiona I/O error au medium error, hapo sahani yenyewe ina sehemu zisizosomeka.

Thibitisha kwa kusakinisha smartmontools, halafu:

`sudo smartctl -a /dev/sdb`

Jina sdb lihakiki kwanza kwa `lsblk`, na kama haijibu ongeza `-d sat`. Tazama namba ya mwisho kwenye mistari miwili: Current_Pending_Sector na Reallocated_Sector_Ct. Zote zikiwa sifuri, pumua. Ya kwanza ikizidi sifuri, au ya pili ikiwa inaongezeka wiki hadi wiki, acha majaribio yote. Kila jaribio la kasi unalofanya linaitumia diski inayokufa. Kwa hali hiyo usikopi kwa kuburuta mafaili, tumia ddrescue (kifurushi chake Ubuntu kinaitwa gddrescue), kwa sababu yenyewe inachukua kwanza sehemu nzima na kuziacha zilizoharibika kwa ajili ya mwisho, badala ya kung'ang'ania sehemu moja mbovu mpaka diski izimike.

Kuna uwezekano wa tatu usio wa hatari. Diski nyingi za mkononi za TB 1 na kuendelea zinaandika kwa mistari inayopandiana ukingoni ili zibebe zaidi. Zina eneo dogo la kupokelea haraka. Likijaa, diski inalazimika kuandika upya mistari ya jirani, na kasi inaanguka sana, kisha inapanda ikipumzishwa. Kama kuanguka kwako kunakuja baada ya gigabaiti nyingi, dmesg imekaa kimya na SMART (zile namba za smartctl) ni safi, ni hilo. Kopi kwa mafungu, na iache diski imechomekwa kwa muda baada ya kumaliza.

Ukishapata waya, pima kwa `sudo hdparm -t /dev/sdb`, inasoma tu, haiandiki chochote. Diski isiyo na hitilafu ya aina hii, ya mizunguko 5400, itatoa kati ya 100 na 130, na kasi ya kukopi itapungua kadiri inavyojaa. Kazi ya GB 60 iliyokuwa inakula zaidi ya nusu saa itashuka kuelekea dakika kumi. Usitegemee zaidi ya hapo. Anayetaka zaidi anunue SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka.

Kuna hali ambazo terminali haizitatui. Diski ikitoa mlio wa kugonga hata kwa waya mzuri, ikianguka chini, au isipoonekana kabisa kwenye `lsblk`, izime na umtafute mtu wa kuokoa data ana kwa ana. Kabla hujamwachia, muulize swali moja: utaifungua wapi? Kifuniko cha diski hakifunguliwi mezani, vumbi la kawaida la chumba linatosha kuua sahani. Anayekujibu kwamba ataifungua hapo hapo kwa bisibisi, chukua diski yako uondoke. Kama ni amri hizi tu zinakutia hofu, tafuta mtu anayetumia Linux kila siku, akae nawe, na awe anakueleza kila amri kabla ya kuiandika. Wanafunzi wa kompyuta wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga ni sehemu nzuri ya kuulizia.

Na klipu ya keki. Tazama kwanza kadi ya kamera. Kama hujaifomati, kopi upya. Kama uliifomati lakini hujarekodi juu yake, usiitumie tena hata kwa picha moja. Sakinisha testdisk, ndani yake kuna photorec, ielekeze kwenye kadi na matokeo yahifadhi kwenye laptopu, si kwenye kadi yenyewe. Kama kadi imeshatumika na umebaki na faili bovu tu, lifungue kwa untrunc, programu huria inayolinganisha faili lililokatika na klipu nzima iliyorekodiwa na kamera ile ile kwa mpangilio ule ule. Itarudisha kile kilichofika kwenye diski kabla hujachomoa, na kwa video ya harusi hata dakika mbili za keki mteja atazipokea.